Uso wa Mtu wa Kuja

6 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Kabla hujaguna kwamba barua zangu huja pale tu ninapokwama, nakiri: nimekwama. Lakini kwanza ya nyumbani. Mama, dada yako, mguu unamsumbua ila mdomo hauna shida yoyote. Jana aliwafokea majirani wawili kabla hajanywa chai. Mke wangu mzima, mabinti wazima, na yule mdogo ameota meno mawili, anayajaribu kwenye brashi zangu. Wewe je, ile nyonga uliyovunja? Hapo kwenye makao wanakutunza? Na Fundi Saa kifua chake kinaendeleaje? Mama anasema bado unaruhusiwa kwenda kumwona kila Jumatano. Mwambie ile saa aliyonipa nilipomaliza shule bado inakwenda, ingawa mkanda nimebadilisha mara nne.

Sasa la kukwama. Kanisa letu jipya limeezekwa, na kamati ya ujenzi imenipa kazi ya kuchora Bwana Yesu kwenye ukuta wa madhabahuni, futi kumi na mbili kwenda juu. Mimi huyu ambaye mkate wangu ni kuandika "Kinyozi Safi" na "Usikojoe Hapa". Nimeshachora joho, nimechora miguu na mikono. Uso nimeuacha, maana hapo ndipo penye vita.

Unajua usharika wetu una watu wa juu, wa milimani, na watu wa chini, wa bondeni, na hata msibani hawakai benchi moja. Mwenyekiti wa kamati akaona tuamue rangi ya ngozi kwanza, kwa amani. Akaniagiza nipake vipande saba vya rangi ukutani, kila kimoja upana wa kiganja, kuanzia rangi ya mtindi hadi ya kahawa kavu, waumini wachague. Mjomba, tangu Jumapili watu hawatoki kanisani. Wanakunja mikono ya mashati na kuegesha mkono ukutani kulinganisha. Watu wa juu wameangukia kipande cha tatu, watu wa chini cha sita, na kila upande unasema mwenzake anamtukana Bwana. Mama mmoja alileta kichanga chake akakibandika ukutani kama kalenda. Na bado hatujafika kwenye pua.

Umehubiri miaka thelathini na sita. Yesu alikuwa rangi gani?

Mpwa wako, Brashi


24 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako ilinifikia ikiwa imefunguka pembeni. Barua za hapa hupitia mezani kwa Matroni, naye anasema gundi ya siku hizi ni dhaifu. Basi tuandikiane kama watu wanaozungumza sebuleni kukiwa na wageni.

Mwambie dada yangu apunguze chumvi na majirani, vyote viwili vinampandisha presha. Nyonga inatembea na fimbo. Tuko wazee sita katika chumba kimoja, watumishi wa kanisa wastaafu, na wote sita tunakoroma kwa madhehebu tofauti. Taa huzimwa saa tatu. Lango lina mlinzi, na kutoka ni kwa kibali kilichotiwa sahihi. Nalishwa vizuri. Sina la kulalamika ambalo linaandikika.

Fundi Saa hajambo kidogo, kifua bado kinamsumbua. Makao haya ni ya watumishi, naye hakuwa mtumishi, kwa hiyo amebaki kwenye chumba cha nyuma ya duka lake. Majirani humwekea maji. Kila Jumatano, saa nne hadi saa kumi, napewa kibali cha kwenda kumsomea Zaburi. Siku zile sita nyingine huwa nasubiri Jumatano.

Kuhusu swali lako: alikuwa Myahudi, mtoto wa Kiyahudi, katika nchi iliyotawaliwa na wageni. Jua lilimuunguza kama linavyomuunguza kila fundi anayefanya kazi nje. Hakuwa wa juu wala wa chini, na hao wanaokunja mashati wanamgombea kama ndugu wanaogombea marehemu ambaye hawakumuuguza. Ukitaka amani, usimchore mtu ambaye upande mmoja utamdai. Chora mtu wa kuja. Mtu asiye na benchi lake.

Mungu akulinde juu ya hiyo ngazi.

Mjomba wako, Mwinjilisti


15 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mama amesoma ile ya chumvi na majirani akanuna siku nzima, kisha akamfokea jirani wa tatu. Meno sasa manne. Mke wangu anauliza kama Fundi Saa anaweza kutumiwa dawa ya kifua ambayo ilimsaidia baba yake.

Ile ya mtu wa kuja imenikaa kichwani. Lakini sikiliza yaliyotokea. Kamati ilikaa wiki iliyopita, na Mwalimu wa Chuo cha Biblia, yule kijana mwembamba, akasema yale yale yako: Myahudi, basi. Kikao kikatulia, maana wa juu na wa chini walikuwa wameshindwa sawasawa. Ndipo Mama Kwaya, kiongozi wa waimbaji, akainua mkono. Alisema rangi si shida, shida ni mwili.

"Brashi, mbona umemchora mabega laini hivi? Na hiyo shingo? Huyu ni Mwokozi au bwana harusi anayesubiri kupigwa picha?"

Mwenyekiti akataka mabega ya mbeba magunia. Mzee mmoja wa bondeni, na hakuwa na nia mbaya, akauliza: "Hivi jamani, mtu wa miaka thelathini na tatu, ana ufundi wake, ana afya yake, mbona hakuoa? Kwetu sisi angeshaitwa kikao."

Watu wakacheka. Mwalimu hakucheka. Alisema Maandiko yamenyamaza. Wapo wanaosema alikuwa na mke, wapo wanaosema moyo wake ulikuwa kwa wanaume, na humtaja yule mwanafunzi aliyeegemea kifuani pake mezani. Wapo wanaosema hakuwa na haja hizo kabisa. "Wote hao," akasema, "wanakijaza kimya cha Injili kwa mambo ya nyumbani kwao." Hakumaliza. Mwenyekiti alipiga meza mpaka glasi ya maji ikaanguka. Mama Kwaya akajiziba sikio kwa kitabu cha nyimbo, sikio moja tu, la pili aliliacha lisikie. Mwalimu ametolewa kwenye kamati, na nasikia hata chuoni ameambiwa apumzike.

Mimi nikataka kupoza mambo. Nikasema, "Jamani, kutooa si ugonjwa. Mjomba wangu ni mwinjilisti, ana miaka sitini na minane, hajaoa, na hakuna aliyemwita kikao." Mama Kwaya akauliza, "Anaishi na nani?" Nikasema zamani alipanga nyumba moja na rafiki yake, fundi saa. Wakaitikia "Aaa", ile ndefu.

Sasa niambie wewe. Alikuwa na haja za mwili kama sisi? Nauliza kwa ajili ya kazi, nimefika kwenye kinywa na sijui kinywa cha namna gani.

Brashi


2 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Matroni alinikabidhi barua yako mkononi, yeye mwenyewe, akasubiri niipokee. Kwa kawaida huiacha juu ya kitanda.

Mshukuru mkeo kwa wazo la dawa. Ikitumwa hapa haitafika kule, kwa hiyo asijisumbue. Fundi Saa sasa hawezi kushika kibano. Jumatano iliyopita aliangusha skrubu moja ndogo na tukaitafuta sakafuni saa nzima, wazee wawili kwa magoti, na nyonga moja nzima kati yetu. Hatukuipata. Alicheka mpaka akakohoa.

Sasa nisikilize vizuri. Usinitaje tena kwenye kamati zenu, kwa wema wala kwa ubaya. Ulimi hauna mfupa, na wako hata gegedu hauna.

Umeuliza habari ya haja. Imeandikwa kwamba alijaribiwa sawasawa na sisi katika mambo yote, bila kufanya dhambi. Mimi huishia hapo. Maisha yangu yote nimeulizwa mbona sikuoa, na kila mara nilijibu: hata Bwana hakuoa. Mashangazi walinyamaza, wachungaji wakatikisa kichwa na kupita. Jibu hilo limenisitiri miaka arobaini. Huyo Mwalimu wenu ni msomi na huenda ana haki, lakini anapobomoa ukuta aone kilichoko nyuma yake, yeye atarudi kwake kulala. Anayenyeshewa ni yule aliyekuwa akiishi humo.

Funga kinywa cha Bwana. Chora midomo iliyofungwa, kazi iishe.

Mjomba wako, Mwinjilisti


10 Mei

Mjomba,

Shikamoo, na samahani. Nimekuelewa, sitakutaja tena. Mama anakusalimu, mguu umepungua. Meno nimeacha kuhesabu.

Uso nimeupata! Siku nyingi nilikuwa nakaa juu ya jukwaa langu la mbao naukodolea macho ule ukuta mtupu, waumini wanaingia wanauliza, "Bado?" kama watu wanaosubiri mtoto azaliwe. Nikakumbuka neno lako: mtu wa kuja, asiye na benchi. Basi akanijia. Nikajiona nina miaka tisa, likizo, nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa dukani, namtazama anafungua saa. Mtu aliyeletwa mtoto na wazazi waliokimbia vita, kabila lake hakuna anayelijua vizuri, mji mzima unamwita wa kuja. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini sikuwahi kumsikia akinung'unika.

Ni Fundi Saa, mjomba! Ile ngozi yake haipo kwenye vipande vyote saba, ilibidi nichanganye upya mara kumi na moja. Kinywa nimekifunga kama ulivyosema, na kwa kweli alikuwa akikifunga hivyo hivyo akifanya kazi. Hata lile jicho la kulia, lililofinyika kwa kushika kioo cha kukuzia miaka yote, nimeliweka. Mwenyekiti alisema nimekosea, macho hayalingani. Nikamwambia huyu anatazama kitu kidogo sana kilichoharibika. Akasogea karibu, akautazama upya. Mama Kwaya alilia.

Watu wa juu wamesema hakuna mtu wa chini mwenye sura ile, na watu wa chini wamesema vivyo hivyo kwa wa juu. Wamekubali wote! Mpiga picha wa jarida la dayosisi alikuja juzi, itatoka ukurasa wa mbele. Mchukulie nakala Jumatano. Namwona atakavyocheka.

Brashi, mwenye furaha


20 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Wiki sita tangu nikuandikie, sijapata neno lako. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi nimeanza kutega sikio.

Nilipiga simu ya ofisini hapo. Matroni alisema, "Mwinjilisti hapokei simu kwa sasa," akakata. Mama amesikia kwa mtu wa kwaya ya huko kwamba Jumatano zako zimesimamishwa. Zimesimamishwa na nani? Ni nyonga? Ni Fundi Saa? Kama nimekosa, nitukane, nimezoea. Usinyamaze tu.

Mke wangu anasema nisome tena barua zako, zote, polepole. Nimesoma. Nimeogopa kidogo.

Brashi


3 Julai

Mpwa wangu,

Jarida lilifika mwishoni mwa Mei. Limebandikwa kwenye chumba cha kulia, na wenzangu walimtambua kabla chai haijapoa. Fundi Saa amewatengenezea watu wa mji huu saa kwa miaka arobaini. Jicho lile kila mtu analijua. Walichouliza ni kwa nini mpwa wa Mwinjilisti, kati ya nyuso zote duniani, amempa Bwana uso ule. Na barua yako ya Machi ilikuwa imeshasomwa na wenye kusoma.

Mchungaji anayesimamia makao haya aliita wazee wa kanisa. Waliniuliza maswali matatu, nikajibu mawili. Niliwaambia hata Bwana hakuoa. Mmoja wao akasema, "Ndiyo, na sasa tunaona unamtafsiri vipi." Jumatano zimesimamishwa. Wiki tano sijamwona. Nimekaa kwenye benchi la ua, natazama lango, na mlinzi hutazama pembeni kwa aibu.

Si kosa lako peke yako. Mimi ndiye niliyekuambia mtu wa kuja. Nilipoandika maneno hayo nilikuwa nikimfikiria nani? Kamba niliisokota mwenyewe.

Futa uso huo. Mchungaji ameniahidi: ukishafutwa, nikawa na barua yako inayosema hivyo, Jumatano zitarudishwa. Fanya upesi. Fundi Saa anapumua kwa shida, na amezoea kusomewa na mimi.

Mjomba wako


12 Julai

Mpwa wangu,

Barua hii haijapita mezani kwa Matroni. Mama anayetufulia nguo ameitoa nje ndani ya mashuka machafu. Kwa hiyo leo hatuko sebuleni.

Fundi Saa amefariki. Ilikuwa Jumatano, saa tano asubuhi, saa ambayo ningekuwa nimeketi pale na kitabu. Jirani alikuja kuniita mbio. Nilifika langoni na fimbo yangu, na mlinzi akaniambia hana ruhusa, akalia, mtu mzima, huku ameshika kufuli. Nilisimama pale mpaka mchana. Nilimsomea Zaburi kupitia nondo, nikijua hasikii.

Wamemzika kesho yake. Mfua nguo alikuwapo, akanisimulia. Walibishana kaburini aandikwe kabila gani msalabani. Mmoja alisema hili, mwingine lile, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kumwosha uso. Mwishoni wakaandika "Fundi Saa" na mwaka. Nadhani angeridhika.

Nilimpenda. Miaka thelathini na mmoja. Naliandika neno hili kwa mara ya kwanza.

Uliniuliza kama Bwana alikuwa na haja za mwili, na alimpenda nani. Sijui. Nimeisoma Injili maisha yangu yote na sijui. Mwalimu wenu alisema kweli: kila mtu anakijaza kile kimya kwa mambo ya nyumbani kwake. Mimi nilifanya vibaya zaidi, nilijificha ndani yake. Nilimfanya Bwana kuwa pazia la dirisha langu, na kila aliyechungulia aliona kitambaa kitakatifu. Miaka yote hiyo hewa haikuingia. Huyu mwenzangu wakati mwingine aliniambia, "Fungua kidogo." Sikufungua.

Sina picha yake. Hatukuthubutu kupiga hata moja, kwa kuogopa mpiga picha, kwa kuogopa fremu, kwa kuogopa mgeni atakayeuliza. Vitu vyake vimegawanywa. Duniani hapa uso wake uko mahali pamoja tu, na mimi nimekuandikia uufute.

Kama hujafuta, usifute. Jumatano wazichukue, hazina kazi tena. Tafadhali, mwanangu. Usifute.

Mjomba


24 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Pole. Nimeandika neno hilo mara tatu na kuchana karatasi. Barua hii naipitisha kwa yule mama anayewafulia nguo, isifike mezani kwa Matroni. Mama alipopata habari alikaa kimya siku nzima, na wewe unajua maana yake. Kisha akasema, "Alikuwa shemeji mzuri." Amesema hivyo hivyo, kwa kinywa chake, mbele ya mke wangu na mimi, halafu akaomba chai.

Nimeufuta, mjomba. Barua yako ya kwanza, ile ya kuniambia nifute, ilinifikia tarehe kumi na tano. Tarehe kumi na sita asubuhi nilikuwa juu ya ngazi. Sikuuliza kitu, nilikuwa nazikimbilia Jumatano zako, na siku ile ile niliposti barua ya kumwonyesha Mchungaji. Hii ya pili imenikuta jana. Nimeisomea nje ya posta na nikakaa chini kwenye ngazi za watu.

Mdomo wangu na brashi yangu vimekunyima wiki zake za mwisho. Sitajitetea kwamba sikujua. Nilipokuwa mtoto nililala likizo nzima kwenye chumba mlichosema ni cha Fundi Saa, na godoro lake lilikuwa bado kwenye nailoni ya dukani. Lilikuwa linapiga kelele kila nikigeuka. Nilijua, mjomba, kama mtoto anavyojua. Nikakua nikaamua kutojua, kwa sababu ilinipunguzia kazi. Ningekuwa na ujasiri wa kujua, nisingemchora bila kukuuliza. Nisamehe.

Hapa kanisani ukuta ni mweupe. Mwenyekiti ameshika kiuno akautazama akasema, "Haya, sasa Yesu wetu ni mweupe pepepe, na hakuna aliyelalamika, si wa juu si wa chini." Vile vipande saba bado viko pembeni. Watu hawaviangalii tena.

Lakini kuna jambo. Ule uso niliuchora kwa rangi ya mafuta. Nilipopanda kuufuta, kopo la rangi nyeupe ya mafuta lilikuwa miguuni pangu, limefunguliwa tayari. Mkono ukalikataa. Nikashuka, nikakoroga chokaa na maji kwenye ndoo, nikapaka hiyo. Fundi yeyote wa kuta atakuambia chokaa haishiki juu ya rangi ya mafuta. Imekaa tu, kama unga juu ya meza. Kitambaa kibichi, dakika tano, imetoka. Kamati haijui, nimewaambia ukuta unatoa unyevu, uachwe upumzike. Lakini hautangoja sana, chokaa ya namna hii huanza kubanduka yenyewe.

Sijaugusa. Naona si mimi wa kuugusa. Funguo za kanisa ninazo mpaka nimalize kazi. Nisichojua ni utapitaje hapo langoni.

Brashi


5 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba. Hii nayo imetoka ndani ya mashuka. Nyumbani hawajambo? Meno ya mtoto yamefika mangapi, au bado umegoma kuhesabu? Mwambie dada yangu nimelipata lile neno alilosema, na kwamba angelisema miaka ishirini iliyopita ningemnunulia kanga. Atakasirika. Mwache akasirike.

Mchungaji aliipata barua yako, akaniita, akanirudishia Jumatano zangu kwa sala fupi. Nilimshukuru. Sikumwambia zimerudi zikiwa tupu.

Kibali kinasema mwisho saa kumi. Basi la kuja kwenu lenyewe ni saa sita, kwa hiyo nitachelewa kurudi, na nadhani safari hii watanifungia lango nikiwa nje. Nimefikiri juu ya hilo na nimeona sawa. Nipokee stendi Jumatano ya mwisho ya mwezi huu. Nina mzigo mdogo.

Kitambaa usihangaike, ninacho. Ni kile cha njano alichokuwa akifutia vioo vya saa. Mfua nguo alikiokota sakafuni walipokuwa wakigawana vifaa. Andaa maji tu. Nyonga yangu haipendi ngazi, lakini nitapanda mwenyewe, na wewe kazi yako iwe kuishika.

Mjomba wako